Kiazi Hakipoi

Kiazi kilikuwa wazo la mama. Kaka yangu alitaka tupime umbali kwa saa yake ya mkononi, aliyoinunua kwa watu waliotoka Tunduma, lakini mama alikataa. Alisema saa haijui kama njiani kuna upepo, wala haijui kama aliyeivaa ana miguu mirefu. Kiazi kinajua.

"Utaomba moto kwa watu wa huko," aliniambia. "Choma kiazi kwenye majivu. Kikiiva kitoe, kifunge kwenye pindo la kitenge, mkunjo mmoja tu, uondoke hapo hapo. Usikimbie, usisimame kupiga soga. Ukifika mjini bado kinachoma kiganja, hapo ni karibu. Ukifika kimekuwa kama jiwe la mtoni, hapo ni mbali, hata wenyewe waseme nini."

Kaka alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, serikali imetuletea kilomita, wewe unatuletea kiazi."

"Kilomita hailiki," mama alisema.

Tulikuwa tunatafuta mahali pa kuhamia. Kwetu kulikuwa upande wa Laela, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na baba alikuwa ameshafariki. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Mahindi ambayo zamani yalinunuliwa na ushirika peke yake, sasa yalinunuliwa na kila mwenye lori, na malori hayo hayo yaliporudi yalishusha marobota ya mitumba pale Sumbawanga. Kaka alikuwa amepata kazi mjini, kwenye ghala la mfanyabiashara wa nafaka. Alianza kwa kubeba magunia, baadaye akawekwa kwenye mizani. Alipanga chumba, akala kwa mama ntilie, akakonda, kisha siku moja akaja nyumbani akasema tuhame sote. Si mjini kabisa, maana mjini hakuna pa kulima. Pembeni, mahali ambapo mtu anaamka, anatembea kwenda kazini, na jioni anarudi kwa miguu kula ugali wa kwao.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Nilitaka kitu kimoja, na nilikuwa nimemwambia kaka peke yake, kwa sababu mbele ya watu wengine sauti yangu ilikuwa haitoki. Nilitaka kujifunza cherehani. Kaka akanitafutia fundi, mama mmoja mtu mzima wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliyekuwa anashona kwenye baraza moja karibu na soko. Fundi alikubali. Lakini mama alikuwa na sharti lake.

"Binti yangu halali mjini," alisema. "Aende asubuhi, jioni awe kwenye moto wangu."

Kwa hiyo kiazi kile kilikuwa changu kuliko cha mtu mwingine yeyote. Kikipoa njiani, sishoni.

Tulikuja mjini baada ya mavuno, tukajibana kwenye chumba cha kaka. Kilikuwa kipupwe, na kipupwe cha Ufipa si cha mchezo. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, unapita kwenye nyasi kavu bila kukutana na kitu, na unapokufikia wewe ndiyo kwanza una nguvu. Mama alisema ndiyo majira mazuri ya kupima. Mahali ambapo kiazi kinashinda kipupwe, mtu atashinda majira yote.

Asubuhi nilitoka na viazi vibichi kwenye kikapu, nikaenda mpaka kwenye kijiji tulichoambiwa, nikarudi mjini na kiazi cha moto. Kutembea hakukunisumbua. Nilichoogopa ni kupiga hodi kwa watu nisiowajua na kuwaomba majivu yao.

Mahali pa kwanza palikuwa upande wa barabara ya Mpanda. Mwanamke aliyenipokea alinitazama kama nimetoroka mahali.

"Unachoma halafu huli?"

"Ndiyo, mama."

"Unakipeleka wapi?"

"Mjini."

"Mjini hakuna viazi?"

Nikageuza kiazi kwenye majivu. Akamwita jirani yake aje anione, wakasimama wote wawili mlangoni mpaka kiazi kikaiva. Kilifika na moto wake, lakini njia ilikata bonde lenye majani ya majimaji, na mwanamke yule alikuwa ameniambia kwamba wakati wa mvua watu wanavushwa mgongoni. Mama aliposikia hilo alisema hapana, binti yake si gunia.

Mahali pa pili palikuwa chini ya Mbizi, penye kijito cha maji baridi na nyumba zilizopangana vizuri. Njia yote ilikuwa mteremko. Nilifika kiazi kikiwa moto hata kikaniunguza, nikakiweka kwenye kiganja cha kaka nikicheka kwa furaha. Kaka akakirusha kutoka mkono huu kwenda huu.

"Kiazi kinashuka, mdogo wangu," alisema. "Jioni wewe utapanda, na huna majivu ndani."

Nilijua ni kweli. Kaka alikuwa mtu wa namna hiyo, alikuwa anaona upande wa kurudi wakati mimi naona upande wa kwenda tu. Nilimpenda kwa hilo.

Mahali pa tatu palikuwa kwa mjomba, kaka yake mama, wa tumbo moja. Kitongoji chenyewe sikitaji. Mjomba alihamia pale zamani, wakati pakiwa nyasi tupu, na alikuwa na eneo kubwa ambalo hajalilima lote. Nilipiga goti nikamwamkia, shikamoo yangu ikatoka nusu.

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako ameniambia habari za kiazi chenu." Alicheka kwa upole. "Choma tu. Mimi naenda sokoni na kurudi kabla mbwa wangu hajajua kwamba nimetoka."

Njia ya kwa mjomba ilikuwa tambarare. Hapakuwa na mto wala bonde. Katikati, pale ambapo upepo ungekuwa mkali kuliko kwingine, palikuwa na safu ya mikaratusi iliyopandwa zamani, nikapita nyuma yake kama mtu anayepita nyuma ya ukuta. Niliingia mjini, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye baraza la fundi, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nataka kufika.

"Wewe mwali," fundi alisema bila kusimamisha mguu kwenye cherehani, "umebeba nini kwenye pindo hilo? Usiniambie ni mtoto."

"Kiazi."

"Kiazi! Wenzako wananiletea kitambaa." Lakini alikipokea, akakivunja katikati, na mvuke ukatoka. Tulitazama mvuke ule sote wawili. "Haya," alisema, "hiki kimetoka jikoni kwa nani? Kwa jirani?"

Nusu alikula yeye. Nusu nilimpelekea mama, akaishika, akaiweka shavuni kwake, akafumba macho.

"Hapa," alisema.

"Kiazi hakipoi," kaka akasema. Akarudia tena polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Kutoka kwa mjomba mpaka sokoni, kiazi hakipoi."

Kabla ya mvua tulikuwa tumeshahamia. Nyumba ya Laela tulimwachia baba mdogo aitazame. Mjomba alitupa kuku siku ya kwanza, akatuonyesha mahali pa kujenga na mteremko mpana wa nyasi juu ya nyumba. "Limeni intumba mpaka mchoke," alimwambia mama. "Ni penu. Nani atakuja kukuuliza, na mimi ndugu yako nipo?"

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze hili. Ufipa shamba halianzi na mbegu, linaanza na intumba. Mvua ikishalainisha udongo, unafyeka nyasi unazilaza, kisha unakata mabonge ya udongo na majani yake, unayageuza kichwa chini juu ya nyasi zile, unazunguka hivyo mpaka panainuka tuta la duara linalofika kiunoni. Ndani ya tuta nyasi zinaoza. Mwaka wa kwanza unapanda maharage juu yake, lakini maharage ni mate ya kusubiri tu. Mwaka wa pili, mvua za mwanzo zikinyesha, unalibomoa tuta, unatandaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Hapo ndipo unakula jasho lako. Kwa hiyo kwetu hakuna anayemwondoa mtu juu ya intumba zake. Mwenye ardhi anaweza kukunyima kabla hujapiga jembe la kwanza. Ukishazika majani, ulezi ni wako. Hakuna mtu aliyefundishwa jambo hilo; tulikua nalo kama tulivyokua na salamu.

Mama alipika pombe ya ulezi, mjomba akawaita majirani, na watu walilima mteremko ule kwa nyimbo. Kaka alilima nao siku zake za kupumzika, akavua shati, akawatania wanawake kwamba matuta yao ni ya kuku kutagia. Jioni mteremko mzima ulikuwa umejaa intumba, nyeusi, zimelowa, zimekaa kama kundi la ng'ombe waliolala. Mama alipita katikati yake akizigusa moja moja.

Mimi nilikuwa nimeanza kushona. Kila asubuhi nilitembea na kaka mpaka mjini, yeye akiishia ghalani, mimi barazani kwa fundi. Kazi nyingi ilikuwa ya mitumba. Watu walinunua suruali za watu wakubwa wa nchi za mbali, wakaja nazo zikiwaburuza chini, na fundi akanifundisha kufumua kiuno, kupunguza, kukunja pindo lisionekane. Alinisema mchana kutwa. "Mguu, mwali, mguu! Cherehani si baiskeli ya kukimbilia harusi." Au, mteja akiuliza kama mimi ni bubu: "Si bubu huyu. Maneno yake yako Laela, yanakuja na lori la kesho."

Jioni kaka alinipitia, tukarudi pamoja nyuma ya ile mikaratusi. Njiani sauti yangu ilikuwa inatoka. Nilimweleza kila kitu nilichokiona na kusikia: muuguzi aliyelalamika barazani kwamba chumba anachopanga kinavuja na mwenye nyumba hajali, mwalimu aliyesema anatamani kujenga lakini asiwe mbali, wapi kwenye mteremko wetu kuna chemchemi isiyokauka, wapi udongo ni mfinyanzi. Alikuwa anasikiliza vizuri kaka yangu. Aliuliza maswali. "Huyo mwalimu anataka upande gani?" "Hiyo chemchemi iko juu au chini ya kwa mjomba?" Nilidhani anauliza kwa sababu anapenda kunisikia nikiongea. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto wetu; ndiye mtu aliyenisubiri nimalize sentensi.

Tulivuna maharage. Mama alimpelekea mjomba kikapu kilichojaa, akaanza kuhesabia ulezi kwa macho, akikaa jioni mlangoni akitazama juu mteremkoni. "Mwakani tutakunywa uji mweusi," alisema. "Na wewe utashona gauni la Pasaka la mama yako."

Watu wa kupima walikuja mwishoni mwa kiangazi, wakati anga limeanza kukusanya mawingu lakini mvua haijaanguka. Siku hiyo fundi alikuwa amekwenda kwao kwenye harusi, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, nasaidia mama kufyeka pembezoni mwa shamba. Tuliona kwanza vijana wawili wakivuta kamba katikati ya intumba zetu, na kijana mwingine amebeba vigingi. Nyuma yao alikuja mkubwa wao, mwenye kofia, na mjomba pembeni yake. Na kaka alikuwepo. Alikuwa amevaa shati la kazini, siku ya kazi. Nilifikiri amekuja kutuita kwa sababu kuna msiba.

Mwenye kofia alisimama karibu na tuta moja, akalipiga kwa kiatu.

"Hapa pamelimwa. Nani amelima?"

"Mimi," mjomba alisema.

"Na hawa akina mama?"

"Vibarua wangu. Wametoka huko Laela."

Mama alikuwa ameshika fyekeo. Aliliweka chini taratibu.

"Kaka," alimwambia mjomba, "mimi ni nani?"

"Dada, nyamaza kidogo. Haya ni maneno ya kiserikali tu."

"Nimekuuliza, mimi ni nani?"

Kijana mwenye kamba akacheka. "Mzee, vibarua wako wana maneno!"

Mama aligeukia Kifipa. Hatukuwa tukisema Kifipa mbele ya wageni, kwa heshima, lakini siku ile aliongea kwa Kifipa mfululizo, akamtajia mjomba mama yao, na titi walilonyonya, na jina la utani alilomwita walipokuwa wadogo wakichunga pamoja. Mjomba alimjibu kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililomnyamazisha mama. Alimwangalia ndugu yake akijibu Kiswahili.

Mwenye kofia hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alimgeukia kaka yangu.

"Na wewe, kijana? Kibarua pia?"

Nilimtazama kaka. Nilisubiri. Nilikuwa na uhakika kabisa wa atakachosema, kiasi kwamba nilikuwa nimeshaanza kupumua.

"Hapana," kaka alisema. "Mimi kiwanja changu ni kile cha kwanza. Cha barabarani."

Akaonyesha kwa kidole kigingi kilichokwisha kupigwa, chini kule, pale njia ya mikaratusi inapoanza. Hakututazama. Aliendelea kukionyesha hata baada ya mwenye kofia kuitikia kwa kichwa na kuondoka, kama mtu ambaye mkono wake umesahau namna ya kushuka.

Alikuja nyumbani jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Kaka alikaa kwenye kinoo nje ya mlango, akaongea kwa muda mrefu, na alichosema kilikuwa na mpangilio, kwa hiyo nilijua amekifanyia mazoezi. Mji unakuja, alisema. Pale patakuwa viwanja. Ardhi iliyolimwa inahesabika kuwa ina mwenyewe, ya nyasi tupu haina. Ndiyo maana mjomba alihitaji iwe imelimwa, na ndiyo maana ilibidi iwe kwa jina moja, si majina matatu ya kugombana. Kwa kumsaidia, mjomba amempa yeye kile cha kwanza. Atajenga. Mama atakuwa na chumba chake.

"Zamani ardhi ilikuwa ya mwenye jembe," alisema. "Sasa ni ya mwenye kigingi, mama. Sikuibadilisha mimi."

"Na ulezi wangu?"

"Watu wanaanza kujenga kabla ya mvua kukolea."

Mama alipepeta ungo. "Wewe ulilima pale," alisema. "Ulivua shati."

Kaka aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Ulikuwa unajua, ulipovua shati?"

"Mama, utakaa kwangu. Ni nyumba yako."

"Nitakaa kama nani? Kama kibarua?"

Kaka akanigeukia mimi. Nafikiri alitaka nimsaidie, maana kati yetu watatu ndivyo ilivyokuwa siku zote: yeye akigombana na mama, mimi nilipita katikati. "Mdogo wangu, wewe umwambie. Utaendelea kwenda kwa fundi, utarudi kwangu kulala. Hakuna kilichobadilika. Njia ni ile ile."

Nilikuwa na swali moja tu. Nilitaka kujua ilianza lini. Kama ilianza baada ya intumba, mjomba alipomvuta pembeni. Au kabla, aliponiuliza habari za mwalimu na chemchemi. Au tangu siku ile ya kwanza kabisa, nilipotumwa na viazi vibichi kupiga hodi kwa watu. Mjomba alisema kaka amemweleza habari za kiazi kabla mimi sijafika. Swali hilo lilinijaa mdomoni na halikutoka. Mpaka leo sijalijua jibu lake.

Asubuhi mama alijifunga kitenge cha kanisani, tukaenda mjini mimi na yeye. Alizipita intumba zake bila kuzikanyaga. Fundi alikuwa amerudi kutoka harusini, ana hina mikononi, yuko katikati ya kuchana robota la mashati. Mama alimsalimu, akakataa kiti.

"Nilikwambia binti yangu halali mjini," alisema. "Nimekuja kukwambia alale."

"Alale kwa nani?"

"Kwako."

Fundi aliacha mashati. Alinitazama, akamtazama mama. "Mama, mimi si ndugu yako. Mimi Muislamu, nyie Wakatoliki. Wewe hukijui kijiji chetu, na mimi Laela naisikia tu kwa wenye malori. Unaniachia mtoto kwa lipi?"

"Kwa hilo hilo," mama alisema. "Kwamba si ndugu yangu."

Fundi alichukua shati moja akalikung'uta. "Haya, atalala. Lakini akikoroma namrudisha kwa lori la kwanza."

Mama aliondoka siku hiyo hiyo kurudi Laela, kwa baba mdogo, akiwa amekaa juu ya maharage yake kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kufuata mahindi. Kabla ya kupanda alinishika kichwa kwa mikono miwili. Hakunipa wosia. Alisema tu, "Tulipima vizuri. Usije ukafikiri tulipima vibaya."

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Nilishona. Nililala kwenye mkeka chumbani kwa fundi, kati ya marobota, na alfajiri nilimsikia akiswali, na nikajifunza kula dagaa wa kwao kwa namna anayopenda yeye. Jioni ilipofika, saa ya watu kufunga maduka, miguu yangu ilikuwa inataka kuondoka. Ilikuwa imezoea. Nilibaki nimekaa barazani nikiwatazama wengine wakielekea upande wa mikaratusi, kila mwezi wakiongezeka, wanawake wenye vikapu, wanaume wenye baiskeli wanazozisukuma kwa sababu ni karibu mno kupanda.

Msimu mmoja wa mvua ulipita. Siku moja akaja yule muuguzi wa chumba kinachovuja. Alileta sketi ipunguzwe, akawa mchangamfu, akamwambia fundi kwamba amepata kiwanja.

"Wapi tena?" fundi akauliza.

"Huku, nyuma ya mikaratusi. Karibu kabisa! Anayewaonyesha watu viwanja ana maneno yake, kijana mmoja wa ghalani. Anasema, kutoka hapa mpaka sokoni, kiazi hakipoi." Muuguzi akacheka. "Na ni kweli. Anakupa kiazi cha moto mkononi, mnatembea naye mpaka mjini, mkifika anakwambia ule."

Fundi hakucheka. Alinitazama mimi.

Nilikuwa na sindano mkononi. Nilimaliza pindo. Nakumbuka kwamba lilikuwa pindo zuri, na kwamba nilipolikata uzi sikuwa naliona.

Siku nyingine, kipupwe kingine, kaka mwenyewe alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na suruali ya mitumba begani, na mkononi kitu kimefungwa kwa gazeti. Alimwamkia fundi, akasimama mbele ya cherehani yangu. Hatukuwa tumeonana ana kwa ana tangu mama aondoke.

"Mambo, mdogo wangu."

Niliitikia kwa kichwa.

"Nyumba imeisha. Bati tayari." Alisubiri, kama zamani alivyokuwa akinisubiri nimalize sentensi. "Kuna chumba chako. Chumba cha mama pia kipo, sijakipangisha. Njoo Jumapili ule kwangu. Hata ukitaka kurudi jioni hiyo hiyo, si unajua mwenyewe palivyo karibu?"

Akafungua gazeti, akaweka kiazi kwenye meza ya cherehani. Kilikuwa na majivu kidogo kwenye ganda.

"Nimetoka nacho nyumbani sasa hivi," alisema. "Kishike uone."

Sikuhitaji kukishika. Nilikuwa naona mvuke wake ukipanda kwenye hewa ya baridi. Niliichukua suruali kutoka begani kwake, nikaitandaza, nikachukua futi, nikampima kiuno na urefu wa mguu bila kumtazama usoni, nikaandika kwa chaki upande wa ndani. Alipumua kama mtu anayetaka kuulizwa jambo. Lile swali langu lilikuwepo, lilikuwa karibu kabisa, na nafikiri siku ile angelijibu. Lakini nilikuwa nimeshaona namna anavyotumia ninayomwambia.

"Njoo Jumamosi," nilimwambia, kama ninavyowaambia wateja wote.

Aliendelea kusimama. Mteja mwingine aliingia na fulana zake, akasema samahani, kaka akampisha, na alipokwisha kumpisha akawa ameshatoka barazani, akaondoka na njia yake.

Fundi alikuwa anakitazama kiazi.

"Huli?"

"Sili."

"Lete basi. Kiazi hakijakukosea."

Akakivunja, akatia chumvi, akakila chote akipuliza vidole, na mimi nikafumua mishono ya ile suruali.